MAMBO YA AFYA: Mafigo ya Mwenye Kisukari



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya miguu ya mwenye kisukari, na jinsi iwapasavyo watu wa nyumbani kuitazama kila jioni. Katika barua zilizofuata iko moja ambayo imenikalia moyoni. Mwandishi wake auliza hivi: kaka yake ana kisukari yapata miaka 20, na mafigo yake ni mazima, lakini mkewe ana kisukari miaka 8 tu, naye ameambiwa kwamba mafigo yamekwisha kuanza kuharibika. "Je," asema, "hii ni bahati tu, au yako mambo yanayomfikisha mmoja huko na kumwacha mwingine?"

Swali ni zuri, na jibu lake si fupi. Niruhusuni nianze na habari ya fundi mmoja wa kushona nguo, jirani yetu wa zamani. Jina lake silitaji, maana watoto wake ni wasomaji wa gazeti hili; wamenipa ruhusa ya kusimulia, lakini si ya kutaja.

Fundi alipata kisukari akiwa na umri wa miaka 47. Hakuwa mtu wa kupuuza mambo. Siku ile ile aliacha kutia sukari katika chai, na vidonge vyake alivimeza asubuhi na jioni bila kukosa. Kila mwezi alikwenda zahanati, akachomwa kidole, tone la damu likapimwa, akaandikiwa dawa zile zile, akarudi kwenye cherehani yake. Walakini mkojo wake haukupimwa hata mara moja. Presha yake ilipopimwa ikaonekana iko juu, aliambiwa apunguze mawazo. Tena, magoti yalipoanza kumwuma kwa kukanyaga cherehani mchana kutwa, alinunua dukani vidonge vya maumivu, akavila kila siku kama mtu alavyo njugu. Wala hakuona kosa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba ni kosa.

Katika mwaka wa 12 likatokea jambo lililomfurahisha sana. Sukari yake ikaanza kushuka yenyewe. Alinijia barazani, cheti mkononi, akasema, "Mwalimu, tazama mwenyewe. Nimepunguza vidonge nusu nzima, na sukari haipandi. Ile dawa ya mizizi niliyouziwa mnadani imefanya kazi."

Nami nilimpa hongera. Hata leo nikikumbuka hongera ile naona haya, maana sikujua nilichokuwa nikikishangilia. Kisukari chake hakikuwa kimepona. Mafigo yake yalikuwa yakifa.

Nieleze jinsi ilivyo, kwa sababu wengi hudanganyika hapa. Insulini ndiyo inayoishusha sukari katika damu, iwe ile itengenezwayo na mwili wenyewe au ile ya sindano. Na sehemu yake kubwa huvunjwa na kuondolewa na mafigo. Mafigo yakidhoofika, insulini hukaa mwilini kwa muda mrefu kuliko ilivyopasa. Kadhalika dawa nyingine za vidonge, kama glibenklamidi, hukawia kutoka. Tena mgonjwa wa mafigo hupoteza hamu ya chakula. Basi kwa sababu hizo zote sukari hushuka, na mtu hudhani amepona. Mwenye kisukari wa miaka mingi akiona sukari yake inashuka naye hakubadili chakula wala kazi wala dawa, asikimbilie kushukuru muuza mizizi. Akimbilie kupimwa mafigo. Miezi minne baada ya mazungumzo yetu yale fundi alikutwa alfajiri amezimia juu ya cherehani, sukari imeshuka mno. Alipopelekwa hospitali na damu yake kuchunguzwa, ndipo habari yote ilipojulikana.

Sasa tutazame mafigo yenyewe. Kila figo lina machujio madogo yapata milioni moja, na kila chujio ni kifundo cha mishipa myembamba ya damu ambayo jicho haliwezi kuiona. Kwa siku moja machujio hayo huchuja maji ya damu yapata lita 180. Karibu yote hurudishwa mwilini, na lita moja au mbili hutoka kuwa mkojo. Sukari inapozidi katika damu kwa miaka, mambo mawili hutendeka. Kwanza, mshipa uingizao damu katika chujio hutanuka, na damu hupita kwa nguvu kupita kiasi. Pili, kuta za chujio huwa nene na ngumu, lakini huanza kuvuja, kama chandarua kikuukuu kilichoshonwa viraka na bado mbu wapita. Kitu cha kwanza kuvuja ni albumini, ambayo ni jamii moja na ute mweupe wa yai. Kazi yake ni katika damu, si katika mkojo. Makovu ya machujio haya yalielezwa na madaktari wawili, Paul Kimmelstiel na Clifford Wilson, mwaka 1936, walipochunguza kwa hadubini mafigo ya watu waliokwisha kufa. Hata leo makovu hayo huitwa kwa majina yao.

Na ubaya wa kuvuja huku ni kwamba hakuumi. Mtu hana homa, wala hasikii maumivu ya kiuno. Mkojo wake ni safi kwa macho. Povu mkojoni, uvimbe wa miguu, kichefuchefu na mwasho wa ngozi huja baadaye sana, wakati sehemu kubwa ya kazi ya mafigo imekwisha kupotea.

Msidhani haya ni mambo ya mbali. Katika hospitali ya Bugando, pale Mwanza, watu wazima 369 waliokuja kliniki ya kisukari walipimwa mafigo, na habari zao zikachapishwa mwaka 2013. Watu 309 kati yao walionekana na dalili za ugonjwa wa mafigo. Wengi wao ni kwa ile albumini katika mkojo, na 91 kazi ya mafigo yao ilikuwa imekwisha kushuka sana. Sasa tieni akilini neno hili: hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba mafigo yake yana ugonjwa. Hata mmoja! Na katika mafaili yao, ni watano tu ambao jambo hilo lilikuwa limeandikwa. Watu hawa hawakuwa wamejificha vichakani. Walikuwa wamekuja kliniki, wamekaa kwenye benchi, wakingoja zamu yao.

Haya, nirudi kwa swali la ndugu yetu. Kwa nini kaka yu mzima, na mke ameharibika?

Kwanza, hiyo hesabu ya miaka yaweza kupotosha. Kisukari kile cha watoto na vijana, kinachohitaji insulini tangu mwanzo, huanza kwa kishindo, na siku yake yajulikana. Tena si desturi mafigo kuharibika katika miaka mitano ya kwanza. Lakini kile cha watu wazima huingia kwa kunyemelea. Mtu huweza kukaa nacho miaka mingi bila kujua. Yule mke "wa miaka minane" huenda ni wa miaka kumi na minne. Kwa sababu hiyo madaktari husema kwamba mtu mzima apimwe mkojo na damu kwa ajili ya mafigo tangu siku ile aambiwapo ana kisukari, na kila mwaka baada ya hapo; kijana wa insulini aanze baada ya miaka mitano.

Pili ni kipimo cha sukari yenyewe katika miaka hiyo yote. Hapa hatusemi kwa kubahatisha. Tangu mwaka 1983 hata 1993, huko Marekani na Kanada, watu 1,441 wenye kisukari cha insulini waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja walitibiwa kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Fungu la pili walijipima mara nyingi kwa siku, wakaishika sukari yao karibu na ile ya mtu mzima wa afya. Katika fungu hili la pili, kuvuja kukubwa kwa albumini kulipungua kwa sehemu 54 katika mia. Hii ni faida kubwa, lakini si kinga kamili. Wako walioshika sukari yao vizuri na bado mafigo yakadhurika. Nasema hivi ili mtu asije akamshitaki mgonjwa nyumbani kwake, "Umejitakia mwenyewe kwa ulafi wako." Maneno hayo nimeyasikia yakisemwa kitandani kwa mgonjwa, tena na mwanawe. Ni ukatili, na tena si kweli.

Tatu ni presha, yaani shinikizo la damu. Na juu ya hili nitakaa kidogo, maana kwa maoni yangu ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Chujio la mwenye kisukari limekwisha kupigwa na damu ipitayo kwa nguvu. Presha ikipanda juu ya hayo, ni kama kufungulia maji ya mto katika mfereji wa bustani. Huko Denmark, daktari Hans-Henrik Parving alichukua wagonjwa 10 tu ambao mafigo yao yalikuwa yakishuka mwezi kwa mwezi, akaishusha presha yao kwa bidii. Mwaka 1983 alitangaza kwamba mwendo wa kuharibika ulikuwa umepungua zaidi ya nusu. Wagonjwa kumi ni wachache, lakini wengine waliofuata, wakiwa na wagonjwa wengi zaidi, waliona yale yale. Mwaka 1993 dawa ya presha iitwayo kaptoprili ilijaribiwa kwa watu 409 wenye kisukari cha insulini ambao mafigo yao yalikuwa yakivuja; ilionekana kwamba dawa hii hulinda chujio lenyewe, kupita hata ile kazi yake ya kushusha presha. Dawa za ukoo wake, kama enalaprili, na nyingine zinazofanya kazi ya namna hiyo, kama losartani, zapatikana katika hospitali zetu nyingi, wala si za bei ya kutisha.

Leo madaktari wengi hutaka presha ya mwenye kisukari iwe chini ya 130 kwa 80. Basi mtu akiambiwa ana 160 kwa 100, kisha aambiwe apunguze mawazo, na aulize kwa adabu, lakini aulize: "Daktari, na dawa je?" Mama aliye katika umri wa kuzaa asikose kusema kama ana mimba au aitarajia, kwa kuwa dawa hizi nilizozitaja humdhuru mtoto tumboni, ziko nyingine za kumfaa.

Nne ni damu ya ukoo. Katika nchi ya Marekani, jimbo la Minnesota, mwaka 1989 ilitangazwa habari ya nyumba chache ambamo ndugu wa tumbo moja walikuwa na kisukari. Ikiwa ndugu wa kwanza ameharibika mafigo, basi kati ya nduguze wenye kisukari 83 katika mia walikuwa na dalili za jambo hilo hilo. Ikiwa wa kwanza ni mzima, ni 17 tu katika mia. Kwa hiyo kuna watu waliozaliwa na mafigo mepesi kudhurika, na wengine waliozaliwa na mafigo magumu. Huko Boston, kliniki ya Joslin imekuwa ikitoa nishani kwa watu walioishi na kisukari cha insulini miaka 50. Ilianza mwaka 1970. Kati ya wazee hao wako wengi ambao mafigo yao yangali yanafanya kazi vema. Huenda yule kaka ni wa jamii hii. Lakini ndugu msomaji, hakuna ajuaye mapema kama yu miongoni mwa wenye nishani, na kwa hiyo asiishi kana kwamba nishani imekwisha kumfikia.

Tumbaku yadhuru mishipa ile ile, sina haja ya kurefusha. Unene na chumvi nyingi huipandisha presha. Jicho likionekana kuwa na vidonda vya kisukari kwa ndani, mafigo nayo yatazamwe, maana mara nyingi huenda pamoja.

Lakini juu ya vidonge vya maumivu sinyamazi. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake huuzwa dukani karibu na kiberiti na sabuni. Kwa mtu mzima wa afya, kidonge kimoja cha siku moja si neno. Kwa mwenye kisukari ambaye mafigo yake yamekwisha kuguswa, kuvila kila siku ni kuyanyima mafigo damu. Na hatari huzidi akiwa anaharisha au anatapika, au akiwa anatumia pamoja nazo dawa za presha na za kupunguza maji mwilini. Kwa magoti na kiuno, aulize hospitali dawa itakayomfaa. Parasetamoli kwa kiasi kilichoandikwa haina ubaya ule kwa mafigo. Na dawa za mizizi? Sitasema kwamba kila mzizi ni sumu, maana si kweli. Nasema tu kwamba iko mizizi na majani ambayo yajulikana kuua mafigo, na yule auzaye mnadani katika chupa ya soda hana njia ya kukuonyesha kwamba yake si hiyo. Wengine huniambia kwamba kunywa maji mengi huosha mafigo. Maji yafaa kwa kiu; lakini chujio lililopata kovu halioshwi kwa maji.

Vipimo vyenyewe si vya kutisha. Kimoja ni cha mkojo: albumini hulinganishwa na kreatinini, na ikiwa chini ya miligramu 30 kwa gramu, ni vema, ikizidi 30 ni dalili ya kuvuja, na ikipita 300 kuvuja ni kukubwa. Kipimo cha siku moja hakitoshi, kwa kuwa homa, kazi nzito au ugonjwa wa njia ya mkojo waweza kuipandisha albumini kwa muda. Hurudiwa katika miezi mitatu hivi. Kingine ni cha damu, kreatinini, ambacho kwacho daktari hukadiria kazi ya mafigo; ikikaa chini ya 60 kwa miezi mitatu, mafigo yamedhoofika. Viwili hivi vyahitajiana. Mtu huweza kuwa na damu nzuri na mkojo unaovuja, na huo ndio wakati ambao dawa zafaa zaidi.

Tena siku hizi dawa zimeongezeka. Iko jamii ya vidonge vilivyotengenezwa vishushe sukari kwa kuitoa katika mkojo, kama empagliflozini, dapagliflozini na kanagliflozini. Kisha ikaonekana kwamba vyapunguza ile nguvu ya damu ndani ya chujio. Mwaka 2019 habari za watu 4,401 wenye kisukari na mafigo yanayovuja zilitolewa: walipopewa kanagliflozini juu ya dawa zao za kawaida, hatari ya mafigo kufa au kuharibika vibaya, au ya kufa kwa ajili ya mafigo au moyo, ilipungua kwa sehemu 30 katika mia. Mwaka 2021 Shirika la Afya Ulimwenguni liliitia jamii hii katika orodha ya dawa za lazima. Si kila duka la dawa linazo, na bei yake bado ni mzigo kwa wengi wetu. Ulizeni hata hivyo.

Fundi hakuzipata hizo, wala asingefaidiwa sana kwa wakati ule. Alikuwa amekwisha kufika mahali ambapo damu husafishwa kwa mashine, mara tatu kwa juma, saa nne kila mara. Ilikuwa kabla ya mwezi wa Novemba 2017, ambapo hospitali ya Muhimbili ilianza kupandikiza mafigo hapa Tanzania. Waliotaka kupandikizwa walipelekwa nchi za nje, hasa India, na ndugu zake walikwisha kuuza kiwanja kwa ajili ya mashine tu. Aliishi mwaka mmoja na miezi saba. Siku moja nilipokwenda kumtazama aliniuliza, bila uchungu, "Mwalimu, hicho kipimo cha mkojo, kumbe ni kikombe tu?" Nikamwambia, ndiyo, ni kikombe tu.

Binti yake wa pili naye ana kisukari tangu miaka sita iliyopita. Mwaka wa kwanza mkojo wake ulionekana unavuja, kidogo. Amepewa losartani, presha yake hupimwa kila mwezi, na vidonge vya maumivu havimo nyumbani mwake. Yule ndugu aliyeniandikia na amwonyeshe mkewe habari za binti huyu, maana umri wao walingana. Nilimwomba anionyeshe cheti chake cha mwaka huu, akakileta: albumini imeandikwa, kreatinini imeandikwa, na tarehe ya kurudi iko chini yake.